Kufundisha Kaligrafia na Upambaji wa Miswada ya Zama za Kati ndani ya Monasteri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaotaka kujua jinsi uandishi wa kalamu ya unyoya na upambaji wa vitabu kwa dhahabu na rangi unavyofundishwa ndani ya monasteri kongwe za Ulaya, zile ambazo bado zinakaliwa na wamonaki na zile ambazo sasa ni makumbusho au mali ya watu binafsi. Majibu yametokana na kazi ya kufundisha na ya kuichunguza miswada yenyewe. Pale nilipotoa maoni yangu, nimesema wazi kuwa ni maoni.

Kwa nini masomo haya yafanyike ndani ya monasteri, ilhali meza na kalamu zinapatikana popote?

Kwa sababu jengo lenyewe ni sehemu ya somo. Mwanafunzi anaweza kuelezwa darasani kwamba mnakili wa karne ya 12 alifanya kazi kwa kufuata jua, akaandika maelezo hayo daftarini na kuyasahau. Lakini akikaa chini ya dirisha lililochimbwa katika ukuta mnene wa mawe, akaona jinsi mwanga unavyopanda mezani asubuhi na kumtoroka alasiri, hahitaji tena kuelezwa kwa nini meza ziliwekwa pale zilipowekwa. Anayeandika kwa mkono wa kulia anahitaji mwanga utokee kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisiangukie neno analoliandika. Jambo hilo dogo linaamua mpangilio wa chumba kizima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Abasia (yaani monasteri inayoongozwa na abate) ya Fontenay katika eneo la Bourgogne, Ufaransa, iliyoanzishwa na Bernardo wa Clairvaux mwaka 1118, na ambayo kanisa lake lilitabarukiwa na Papa Eugenio III mwaka 1147. Ukumbi wa wamonaki, ambao kwa desturi huelezwa kuwa ndimo kazi ya kunakili vitabu ilimofanyika, umepakana na chumba cha moto. Ukiliacha jiko, hapo ndipo mahali pa pekee ambapo moto uliruhusiwa kuwashwa kwa ajili ya joto, na wanakili walinufaika kwa ujirani huo: vidole vilivyokufa ganzi vilipata uhai, na wino haukuganda katika miezi ya baridi kali. Mtu aliyezaliwa Tanga au Mombasa akiingia katika ukumbi ule mwezi wa Januari anaelewa mara moja kwamba ukaribu wa vyumba hivyo viwili haukuwa wa bahati.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa wamonaki waliondolewa, na majengo ya Fontenay yakageuzwa kiwanda cha karatasi, ambacho baadaye kiliendeshwa na familia ya Montgolfier. Mwaka 1906 Édouard Aynard aliyanunua, akabomoa majengo ya kiwanda na kuirudishia abasia sura yake ya kale. Mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba majengo ya namna hii yamesimama bila kuguswa tangu Zama za Kati, kumbe mengi yamepitia matumizi ambayo waanzilishi wake hawakuyawazia.

Je, kila monasteri ilikuwa na chumba maalumu cha kuandikia?

Hapana. Picha ya ukumbi mkubwa uliojaa wamonaki walioinamia madawati imeenea mno kuliko inavyostahili. Ushahidi mzuri zaidi wa chumba kilichokusudiwa kazi hiyo tunaupata katika ramani ya abasia iliyochorwa kwenye ngozi mwanzoni mwa karne ya 9 huko Reichenau kwa ajili ya Abate Gozbert wa St. Gallen, Uswisi, na ambayo hadi leo imehifadhiwa St. Gallen. Ramani hiyo inaonyesha chumba cha kuandikia upande wa kaskazini-mashariki wa kanisa, kikiwa ghorofa ya chini na maktaba juu yake, chenye meza kubwa katikati na viti saba vya waandishi vilivyopangwa kando ya kuta, karibu na madirisha. Ramani hiyo haikujengwa kama ilivyochorwa, lakini inatuambia walichokiona kuwa bora: mwanga wa kutosha, na vitabu vya kunakiliwa hatua chache tu juu ya ngazi.

Kwingineko wanakili walifanya kazi katika ushoroba unaozunguka ua wa ndani. Huko Gloucester, Uingereza, kanisa kuu la leo lilikuwa abasia ya Wabenedikto, na upande wa kusini wa ushoroba wake bado una vijichumba 20 vya mawe, kila kimoja na dirisha lake dogo, ambamo mmonaki mmoja aliweza kukaa na kitabu chake. Kwa maoni yangu, vijichumba hivyo vinafundisha zaidi kuliko ukumbi wowote mkubwa, maana vinaonyesha ukubwa halisi wa kazi yenyewe: mtu mmoja, dirisha moja, ukurasa mmoja.

Wasisterisiani, shirika la wamonaki lililojenga Fontenay, walikataza mapambo. Je, si kinyume kufundisha upambaji katika majengo yao?

Hili ni swali zuri kuliko yote yanayoulizwa, na linastahili jibu kamili.

Ni kweli kwamba katikati ya karne ya 12 sheria za Wasisterisiani ziliagiza herufi ziandikwe kwa rangi moja na zisichorwe picha, kama zilivyoagiza madirisha yawe ya kioo kisicho na rangi wala misalaba. Lakini Cîteaux, abasia mama ya shirika hilo, ilikuwa imekwisha kutoa baadhi ya miswada iliyochorwa kwa uhai mkubwa kuliko yote ya wakati wake. Biblia iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Stefano Harding, na nakala ya maelezo ya Papa Gregori Mkuu juu ya Kitabu cha Ayubu iliyomalizika mwaka 1111, zimejaa herufi za mwanzo ambazo ndani yake wamonaki wanapasua magogo, wanavuna ngano na kupigana na mazimwi. Leo zimehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Dijon. Kizazi kilichofuata kikachagua njia nyingine: herufi kubwa ya mwanzo yenye rangi moja, buluu au nyekundu au kijani, isiyo na dhahabu wala mnyama, lakini yenye mkunjo uliopimwa kwa uangalifu wa ajabu.

Kwa hiyo nikifundisha katika nyumba ya Wasisterisiani, huanza na herufi hiyo ya rangi moja. Mwanafunzi hupewa rangi moja tu na kutakiwa aifanye herufi ipendeze kwa umbo lake. Wengi hulalamika siku ya kwanza, kwa kuwa walikuja wakiwazia dhahabu. Baada ya hapo wakikabidhiwa dhahabu huitumia kwa kiasi, kwa sababu wamekwisha kujua kwamba herufi mbaya haiponywi kwa kung'arishwa. Marufuku ya karne ya 12 imegeuka kuwa njia bora ya kufundishia, nami sioni kinyume chochote hapo.

Mwanafunzi huanza na mwandiko gani?

Huanza na mwandiko wa duara ulio wazi, na wala si ule wa Kigothi ambao karibu kila mtu huutaka. Mwandiko wa Karolingi ulienea katika milki ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, kuanzia mwishoni mwa karne ya 8, ukistawishwa katika monasteri kama Corbie na Mtakatifu Martino wa Tours, na ndio uliozaa herufi ndogo unazozisoma sasa hivi katika sentensi hii. Edward Johnston, aliyeanza kufundisha uandishi London mwaka 1899, aliuchagua mwandiko wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 10 uliotokana na Karolingi uwe msingi wa mafunzo yake, na walimu wengi bado wanamfuata. Nami namfuata.

Sababu ni kwamba mwandiko huu haufichi kosa. Kalamu yenye ncha pana hushikwa katika pembe ya nyuzi 30 hivi kwa mstari, na pembe hiyo haibadiliki hata herufi inapozunguka. Urefu wa herufi ndogo hupimwa kwa upana wa ncha yenyewe: mwanafunzi huchora vijiti vinne vifupi kimoja juu ya kingine, mithili ya ngazi, na hapo amepata nafasi kati ya mstari wa chini na wa juu. Herufi "o" huandikwa kwa mivuto miwili: wa kwanza huanzia juu kidogo kuelekea kushoto, unateremka na kukunjika chini, kalamu inainuliwa, inarudi pale pale ilipoanzia, na mvuto wa pili unazunguka kulia hadi kukutana na wa kwanza. Mwandishi akiwa ameishika pembe sawasawa, sehemu nyembamba za herufi hujitokeza zenyewe mahali pake, na tundu la ndani huegemea kidogo upande. Akiwa ameizungusha kalamu vidoleni bila kujua, "o" hunenepa mahali isipopaswa, na kila mtu mezani huona.

Mwandiko wa Kigothi wa vitabu vya ibada, wenye nguzo nyembamba zilizobanana, hufundishwa baadaye. Watu huuona kuwa mgumu, lakini kwa kweli ni rahisi kuanza na ni mgumu kuukamilisha: ugumu wake wote umo katika kufanya nafasi nyeupe kati ya nguzo zilingane.

Kalamu ya unyoya inatengenezwaje, na je, ni lazima?

Unyoya mzuri ni ule mrefu wa nje wa bawa la bata bukini. Anayeandika kwa mkono wa kulia hupendelea unyoya wa bawa la kushoto, kwa kuwa mkunjo wake huelekea nje ya uso. Unyoya mbichi ni laini mno, hivyo hulowekwa, kisha huchomekwa ndani ya mchanga wa moto kwa muda mfupi hadi shina lake ligeuke kutoka weupe wa maziwa na kuwa gumu lenye kung'aa kama ukucha. Ndipo hukatwa: mkato mrefu wa mshazari, mpasuko mdogo katikati ili wino uteremke, mabega mawili ya kuipunguza ncha, na mwisho mkato mmoja wa haraka juu ya kitu kigumu unaoamua upana wa mwandiko. Manyoya ya pembeni, ambayo katika filamu hupeperuka kwa uzuri, huondolewa karibu yote kwa sababu yanasumbua mkono.

Ni lazima kila mwanafunzi akate kalamu yake walau mara kadhaa, hata kama baadaye atapendelea ya chuma. Asiyejua kunoa ncha atalaumu ngozi, wino na baridi, ilhali tatizo liko kwenye kalamu. Tazama picha ya Eadwine, mnakili wa Canterbury wa katikati ya karne ya 12: mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine kisu. Kisu hicho kilinoa kalamu, kilikwangua makosa, na kiliibana ngozi isiinuke wakati wa kuandika, kwa sababu ngozi huhisi joto la mkono na kujikunja.

Wino wenu unatokana na nini?

Unatokana na vinundu vinavyoota kwenye matawi ya mwaloni pale nyigu mdogo anapotaga mayai. Vinundu hivyo vina tanini nyingi, ile kemikali kali ya mimea. Husagwa, hulowekwa au kuchemshwa, maji yake huchujwa na kuchanganywa na salfeti ya chuma, kisha huongezwa gundi ya mgunga ili wino ushike na usisambae. Unapotoka kwenye kalamu huwa wa kijivu hafifu, na hukolea kuwa mweusi mbele ya macho yako kadiri hewa inavyoufikia. Chuma kikizidi, wino hula ngozi na karatasi baada ya karne kadhaa. Miswada mingi imetobolewa na maneno yake yenyewe.

Gundi hiyo hutokana na migunga ya ukanda wa Saheli, na Sudan ndiyo mzalishaji mkuu duniani. Hukusanywa pia katika kaunti kavu za kaskazini mwa Kenya. Hupendeza kuona mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki akigundua kwamba kiungo kimoja cha wino wa abasia anakifahamu tangu utotoni.

Ngozi ya mnyama gani hutumika? Nina sababu za kidini za kuuliza.

Uliza bila kuona haya, na uulize kabla ya kozi kuanza. Ngozi ya kuandikia hutengenezwa kwa kawaida kutokana na ndama, mbuzi au kondoo. Ngozi ya nguruwe ilitumika zaidi kujalidi vitabu, hasa Ujerumani, na si jambo la lazima katika somo la uandishi. Gundi za kuandalia dhahabu huweza kutengenezwa kwa vipande vya ngozi hiyo hiyo au kwa samaki, na mwalimu makini atakuambia ametumia ipi. Nywele za brashi nazo ziulizwe.

Kuhusu utengenezaji: ngozi hulowekwa katika maji ya chokaa hadi manyoya yalegee, huvutwa kwenye fremu, na hukwanguliwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo huku ikikazwa zaidi na zaidi. Haipikwi kwa magome kama ngozi ya viatu, na ndiyo maana hubaki nyeupe na hupenda sana unyevu. Upande uliokuwa na manyoya huwa na rangi kidogo na vinyweleo vinavyoonekana, upande wa nyama ni mweupe na mororo. Wanakili walizipanga kurasa ili manyoya yakabili manyoya na nyama ikabili nyama, na kitabu kinapofunguliwa kurasa mbili zinazotazamana zikawa na sura moja. Mazoezi yote hufanywa kwenye karatasi. Ngozi hutolewa mwishoni, kipande kidogo kwa kila mtu, kwa sababu ni ghali na ni haki kuiheshimu.

Dhahabu inawekwaje, na kwa nini mnasema jengo la mawe linasaidia?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni dhahabu iliyosagwa kuwa unga na kuchanganywa na gundi, ikapakwa kwa brashi kama rangi. Ni nzuri kwa vitone na mistari myembamba, lakini mng'ao wake ni wa upole. Ya pili, ambayo ndiyo huwatoa watu machozi, ni utando wa dhahabu halisi uliofuliwa hadi unene wa karibu sehemu moja kwa elfu kumi ya milimita, ukalazwa juu ya tandiko la jasi lililoinuka kidogo juu ya ukurasa.

Tandiko hilo ndilo siri yote. Kwa mapishi ya kale lilikuwa na jasi iliyolowekwa maji kwa muda mrefu hadi ikapoteza ukali wake, unga mweupe wa risasi, gundi, sukari au asali kidogo, na udongo mwekundu wa kulipa rangi ili mahali lilipo paonekane na dhahabu ipate joto kutoka chini. Hudondoshwa ndani ya herufi kwa kalamu au brashi, likiongozwa taratibu hadi pembeni bila kutengeneza mapovu, na huachwa likauke usiku kucha. Asubuhi hukwanguliwa kwa wembe hadi liwe laini.

Kisha inakuja pumzi. Mwandishi huchukua kijibomba cha karatasi au cha utete, hukielekeza kwenye tandiko na kutoa pumzi nzito kutoka kifuani, si kupuliza kama anayezima mshumaa. Unyevu na joto la pumzi huamsha sukari iliyomo, na tandiko hunata kwa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo utando wa dhahabu hulazwa, hufunikwa kwa karatasi laini na kubanwa kwa kidole. Baadaye husuguliwa kwa jiwe la akiki lililosuguliwa likawa na umbo la jino. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika maelekezo yake karibu na mwaka 1400, anataja pia meno ya mbwa, simba, mbwa mwitu, paka na chui.

Hapo ndipo jengo linapoingia. Sukari hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo katika chumba kilichokaushwa na mitambo ya joto tandiko hukataa kunata hata upumue mara ishirini, wakati katika ukumbi wa mawe, asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa wageni, dhahabu hushika kwa pumzi mbili au tatu. Ndiyo maana ratiba ya kozi huweka dhahabu saa za mwanzo na rangi mchana. Wanaolalamikia baridi ya ukumbi huacha kulalamika wanapoiona herufi yao ya kwanza ikirudisha mwanga.

Dhahabu hutangulia rangi daima. Ikifuata, hunasa kila mahali palipopakwa gundi, na jiwe la kung'arishia huharibu rangi za jirani.

Je, rangi za kale si sumu?

Baadhi ni sumu kali. Nyekundu ing'aayo ilitengenezwa kwa zebaki na salfa, nyeupe kwa risasi, na njano mojawapo ilikuwa aseniki. Kijani cha kutu ya shaba hakiui mtu kwa urahisi, lakini hula ngozi. Katika masomo hutumika rangi mbadala zisizo na madhara, na hata kwenye tandiko la dhahabu risasi huachwa. Si uaminifu wa kweli kwa mababu kumpa mwanafunzi unga wa risasi ndani ya chumba kisichopitisha hewa vizuri.

Buluu ya thamani kuliko zote ilitokana na lapisi lazuli, jiwe lililochimbwa Badakhshan, katika Afghanistan ya leo. Huu ni udongo wa milima ya Asia ulio ndani ya Zaburi za Bourgogne na za bonde la Rhine. Monasteri zilikuwa zimejitenga na dunia, lakini biashara ya dunia iliwafikia mezani.

Je, wanawake walifanya kazi hii, au ilikuwa ya wamonaki wa kiume tu?

Walifanya. Guda, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, alijichora ndani ya herufi ya mwanzo ya kitabu cha mahubiri, mkono mmoja ameuinua, na akaandika kwamba yeye, Guda, mwanamke mwenye dhambi, ndiye aliyeandika na kuchora kitabu hicho. Na mwezi Januari 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa meno ya mwanamke aliyezikwa katika nyumba ya watawa ya Dalheim, Ujerumani, aliyefariki kati ya mwaka 997 na 1162 akiwa na umri wa miaka 45 hadi 60. Katika ukoga uliogandamana na meno yake walikuta chembe za lapisi lazuli. Maelezo waliyoyapa uzito zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji, na kwamba alikuwa akiilamba brashi yake ili ncha iwe kali. Dalheim leo ni makumbusho ya maisha ya kimonaki. Hakuna jina la mwanamke huyo lililobaki, wala kitabu chochote kinachojulikana kuwa chake. Kila ninapomwona mwanafunzi akiipeleka brashi mdomoni namzuia, kisha namsimulia habari hii.

Jengo linalindwaje dhidi ya wanafunzi wenyewe?

Kwa masharti makali, nami nayaunga mkono yote. Mishumaa hairuhusiwi, hata kwa ajili ya kupiga picha. Wino huwekwa katika vichupa vizito visivyopinduka kirahisi, juu ya sinia, na sakafu ya mawe hufunikwa, kwa kuwa wino wa chuma ukiingia katika jiwe la chokaa hautoki. Meza haziegemezwi ukutani. Hakuna kinachobandikwa kwenye plasta. Katika ukumbi wa maktaba ya St. Gallen wageni huvaa ndara kubwa za kitambaa juu ya viatu vyao ili kuilinda sakafu ya mbao, na sijawahi kumwona mtu aliyeudhika kwa hilo.

Miswada ya asili haifiki kabisa kwenye meza zenye wino. Tunatumia nakala zilizochapishwa na picha za kidijitali. Uswisi imeweka miswada yake mingi kwenye intaneti kupitia maktaba iitwayo e-codices, ambapo yeyote aliye Dodoma au Bujumbura anaweza kukuza ukurasa hadi aone mpasuko wa kalamu.

Ni lazima niwe Mkristo? Na vipi kuhusu sala za wamonaki?

Si lazima. Maneno yanayonakiliwa mara nyingi ni ya Zaburi kwa sababu ndiyo yaliyonakiliwa zaidi, lakini unaweza kuleta matini yako. Katika monasteri yenye wamonaki, kazi husimama kengele inapolia, na katika baadhi ya sehemu za nyumba hakuna mazungumzo. Mgeni hawajibiki kuingia kanisani, anawajibika kunyamaza. Wanaotoka Tanzania huwa hawashangai sana, kwani abasia za Wabenedikto za Peramiho, iliyoanza mwaka 1898, na Ndanda, iliyoanza mwaka 1906, zimewazoesha watu kengele hizo, na kwa miongo mingi mitambo yake ya uchapaji imewapa wasomaji vitabu vya Kiswahili.

Je, aliyejifunza khati za Kiarabu chuoni ana nafasi gani hapa?

Ana nafasi nzuri sana. Aliyeshika kalamu ya mwanzi tayari anajua kwamba unene wa mstari hutokana na pembe ya ncha na si nguvu za mkono, jambo linalowasumbua wengine kwa muda mrefu. Atalazimika kuzoea mwelekeo wa kushoto kwenda kulia na herufi zisizoungana, basi. Nami huwakumbusha wote kwamba ukanda wetu una mapokeo yake: Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na 19 kwa misahafu yake iliyopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano. Ethiopia nayo inazo Injili za Garima, zilizomo katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, ambazo ngozi zake vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7, na huko waandishi wa ngozi hawajakoma hadi leo. Kufundisha upambaji wa Ulaya bila kuyataja haya ni kumnyima mwanafunzi nusu ya habari.

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Nifanyeje?

Utatumia ncha iliyokatwa mshazari kuelekea upande mwingine, utakaa upande wa pili wa dirisha, na ukurasa utaugeuza kidogo. Hakuna kingine kinachobadilika.

Inachukua muda gani kujifunza?

Kozi ya wiki moja humpa mtu mwandiko mmoja unaosomeka, herufi moja iliyopambwa, na mgongo unaouma. Wanakili wa kale waliandika mwishoni mwa vitabu vyao kwamba vidole vitatu huandika, lakini mwili mzima hutaabika, na kila mwanafunzi huthibitisha maneno hayo kufikia siku ya pili. Mwandiko ulio hai, ambao mkono unauandika huku akili ikifuatilia maana ya maneno, huhitaji miaka.

Nikirudi nyumbani, niendelee vipi bila abasia wala unyoya wa bukini?

Funga penseli mbili pamoja kwa mpira. Ncha zake mbili zitafanya kazi ya ncha moja pana, na zitaonyesha kosa la pembe waziwazi kuliko kalamu yoyote, kwa kuwa mistari miwili hukatana pale mkono ulipozunguka. Chora mistari yako kwa rula kila siku, hata ukiwa na haraka. Kalamu ya mwanzi unaweza kuikata mwenyewe kwa kisu kikali, na mafundi wengi wa khati katika miji ya pwani watakuonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Chagua ukurasa mmoja tu wa mswada mmoja, karne ya 9 au ya 10, wenye mwandiko wa Karolingi, na unakili mstari mmoja kwa kuutazama kwa makini: mwandishi ameanzia wapi, ameinua kalamu wapi, amechovya wino wapi. Mahali alipochovya utapajua kwa sababu wino hukolea ghafla. Kaa karibu na dirisha, mwanga ukitokea kushoto kwako.